Kumsaka Mharibifu: Historia ya Makosa ya Kumbukumbu Katika Kiini cha Kompyuta

Kiini cha mfumo endeshi ndicho kinachoshika funguo zote za kompyuta. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachopanga zamu za prosesa na kinachozungumza na diski na kadi za mtandao. Programu ya kawaida ikikosea ikaandika mahali pasipo pake, kiini huiua na kazi nyingine zikaendelea. Kiini chenyewe kikikosea, juu yake hakuna wa kukizuia. Kiendeshi cha kadi ya mtandao kinaweza kuandika baiti moja tu kupita mwisho wa nafasi kilichopewa, baiti hiyo ikaangukia kwenye kumbukumbu zinazotunza faili, na kompyuta ikazimika dakika ishirini baadaye, wakati mtu anafungua waraka. Ripoti ya ajali itautaja msimbo wa faili, ambao hauna hatia yoyote. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ndani ya kiini anayeingia karibu kila mara ni mpita njia. Umbali huo baina ya kosa na anguko, umbali wa muda na wa mahali, ndio ugumu wote wa kazi hii, na kila chombo cha maana kilichobuniwa tangu miaka ya 1970 kilibuniwa ili kuupunguza.

Makosa yenyewe ni ya aina chache. Lipo la kuandika nje ya mipaka, kama hilo la baiti moja. Lipo la kuendelea kutumia nafasi iliyokwisha kurudishwa kwa mgawaji wa kumbukumbu, ambaye pengine ameshampa mwingine. Hili husumbua zaidi, kwa sababu msimbo uliokosea na msimbo unaoumia haina uhusiano wowote isipokuwa kwamba ilipangiwa anwani moja kwa nyakati tofauti. Lipo la prosesa mbili kushika orodha moja kwa wakati mmoja bila kufuli. Na lipo lisilo la mwandishi wa programu hata kidogo, pale chipu ya kumbukumbu inapogeuza biti yenyewe.

Katika miaka ya 1950 na 1960 kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa pete ndogo za sumaku zilizofumwa kwa nyaya. Pete hizo zilikuwa na sifa iliyowafaa sana mafundi: umeme ukikatika hazikusahau. Mashine ikisimama, yaliyokuwamo yalibaki palepale, yakachapwa kwenye karatasi, safu baada ya safu ya tarakimu, na fundi akakaa nayo mezani akiwa na kalamu. Chipu zilipochukua nafasi ya pete, sifa hiyo ilipotea, lakini desturi ya kunakili kumbukumbu nzima baada ya ajali ilibaki, na faili ambalo Unix huliacha programu inapokufa linaitwa core mpaka leo.

Mfumo wa Multics, ulioanza mwaka 1965 kwa ushirikiano wa MIT, General Electric na Bell Labs, ulichukua njia ya tahadhari. Uliandikwa kwa lugha ya PL/I, ambayo hubeba urefu wa maandishi pamoja na maandishi yenyewe, na sehemu kubwa ya msimbo wake ilikuwa ya kujinasua kutoka kwenye hitilafu. Bell Labs ilijitoa mwaka 1969, na baadhi ya watu wake wakaanza kazi ndogo zaidi iliyokuja kuitwa Unix. Tom Van Vleck, mmoja wa wajenzi wa Multics, amesimulia jinsi alivyomweleza Dennis Ritchie kwamba nusu ya msimbo aliokuwa akiandika ulikuwa wa kushughulikia hitilafu. Ritchie alimjibu kwamba wao Unix waliacha yote hayo: kosa likitokea, inaitwa kazi moja yenye jina la panic, mashine inasimama, na mtu anapiga kelele kwenye ujia ili mwenzake aiwashe upya.

Jibu hilo mara nyingi husimuliwa kama mzaha. Kumbe ni uamuzi wa kiufundi ambao umestahimili muda kuliko Multics yenyewe. Kiini kilichoharibika kumbukumbu hakiwezi kuaminiwa. Kikiendelea kufanya kazi kinaweza kuandika uharibifu huo kwenye diski, na hapo kilichopotea si saa moja ya kazi tena bali faili za watu. Kusimama mapema pia huacha ushahidi ukiwa mbichi.

Mazingira ya kazi ya mwanzo yenyewe yalikuwa ya hatari. Kompyuta ya PDP-11/20 iliyotumika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24, ambazo 16 zilikuwa za mfumo na 8 za programu za watumiaji, na haikuwa na kinga yoyote baina ya hizo mbili. Wachapaji wa idara ya hataza waliandika nyaraka zao kwenye mashine ileile ambayo waandishi wa programu walijaribia kazi zao. Jaribio moja baya liliweza kuwaangusha wote, na kazi ya wachapaji ilibidi ihamishiwe kwenye tepu kila baada ya saa chache.

Mwaka 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa lugha ya C. Hapo ndipo hatima ya kazi hii ilipoamuliwa kwa nusu karne. C iliwezesha kiini kuhamia mashine nyingine, na bila hiyo Unix isingetoka nje ya maabara. Lakini katika C kielekezi ni anwani tupu. Hakijui kinachoelekeza kina ukubwa gani, wala hakijui kama kilichokuwapo hapo bado kipo. Mwenye kujua ni mwandishi, naye hujua leo akasahau mwakani, au huhamia kazi nyingine na kumwachia msimbo asiyejua. Toleo la Sita la Unix, la mwaka 1975, lilikuwa na mistari isiyofika 10,000, na John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales nchini Australia aliweza kuwafundisha wanafunzi wake kiini kizima, mstari kwa mstari. Kwa ukubwa huo fundi mmoja aliweza kukiweka chote kichwani, na msaada mkuu wa kusaka kosa ulikuwa kufikiri. Linux ya leo ina mistari ya makumi ya mamilioni.

Hatua kubwa ya kumwekea mharibifu mtego ndani ya kiini ilitoka Sun Microsystems. Jeff Bonwick aliandika mgawaji mpya wa kumbukumbu kwa mfumo wa Solaris 2.4 na kueleza muundo wake hadharani mwaka 1994. Mgawaji huyo anakumbukwa zaidi kwa kasi yake: vitu vya aina moja huwekwa pamoja katika mafungu ili visitengenezwe upya kila vinapohitajika. Lakini kwa wasaka makosa thamani yake ilikuwa kwingine. Fundi aliweza kuandika mstari mmoja katika faili la mipangilio, akaiwasha upya mashine, na tangu hapo mgawaji akawa mlinzi. Kila nafasi iliyorudishwa ilijazwa tarakimu za deadbeef, maandishi yanayowezekana kwa sababu hesabu za msingi wa kumi na sita hutumia herufi A hadi F. Nafasi mpya ambayo haijaandikwa kitu ilijazwa baddcafe. Mwishoni mwa kila nafasi uliwekwa ukanda wa feedface, na mgawaji aliukagua nafasi iliporudishwa: ukikutwa umebadilika, kuna aliyevuka mpaka. Kadhalika iliwekwa kumbukumbu ya nani aliiomba nafasi hiyo, nani aliirudisha na lini.

Uchaguzi wa deadbeef haukuwa mchezo mtupu. Namba hiyo ni witiri, na prosesa za SPARC za Sun zilikataa kusoma neno zima la kumbukumbu kutoka anwani witiri. Msimbo ulioitumia nafasi iliyokufa ukidhani una kielekezi halali ulisimamishwa papo hapo, bila kusubiri uharibifu ufike mbali.

Linux iliuchukua mtindo huo na kuchagua alama zake. Nafasi iliyorudishwa hujazwa baiti ya 6b, na ya mwisho huwa a5. Nafasi isiyoandikwa bado hujazwa 5a. Kitu kikiondolewa kwenye orodha, vielekezi vyake viwili huandikwa anwani zisizoweza kuwa za kweli, ambazo katika mashine za biti 32 zilikuwa 00100100 na 00200200. Mzoefu akiona 6b6b6b6b ndani ya rejista hasomi zaidi kabla ya kujua aina ya kosa: kuna aliyeshika kitu kilichokwisha kurudishwa. Akiona 00100100, anajua orodha imetembelewa na aliyechelewa.

Kusoma tarakimu za namna hiyo ni ujuzi wa pekee, nao hauhitaji chombo chochote. Chukua kielekezi kinachosomeka 756d6973. Anwani hiyo haifanani na anwani yoyote ya kiini. Prosesa za Intel huhifadhi namba kuanzia baiti ndogo, kwa hiyo ndani ya kumbukumbu baiti zimekaa hivi: 73, 69, 6d, 75. Katika jedwali la ASCII hizo ni s, i, m, u. Aliyeharibu kielekezi hicho alikuwa ananakili maandishi, na maandishi hayo yana neno simu ndani yake. Kilichobaki ni kutafuta katika msimbo ni nani anayeandika maandishi ya namna hiyo na nafasi yake ina urefu gani. Fundi asiyezoea angetumia wiki nzima kuchunguza orodha iliyoharibika. Mwenzake anafika kwa mharibifu kwa kusoma baiti nne.

Upande wa Microsoft tatizo lilikuwa na sura nyingine. Windows NT, iliyoongozwa na David Cutler aliyetoka kampuni ya DEC, ilitoka Julai 1993, na ilikuwa na kiini chenye nidhamu. Lakini viendeshi viliandikwa na mamia ya kampuni za nje, na vyote vilikaa ndani ya kiini kwa mamlaka yaleyale. Watafiti wa Stanford walipokagua viini vya Linux na OpenBSD mwaka 2001 walikuta kiwango cha makosa katika viendeshi kikifika mara tatu hadi saba ya sehemu nyingine, na hakuna sababu ya kudhani Windows ilikuwa tofauti. Mtumiaji, hata hivyo, aliona skrini ya bluu yenye jina la Windows, wala si jina la mtengenezaji wa kadi. Aprili 1998, mbele ya hadhira ya maonyesho ya Comdex mjini Chicago, Windows 98 ilianguka wakati Chris Capossela akichomeka skana huku Bill Gates amesimama kando yake. Windows 98 haikuwa ya ukoo wa NT, lakini umma haukujali koo.

Jibu la Microsoft lilikuja na Windows 2000 kwa jina la Driver Verifier. Fundi huchagua kiendeshi anachokishuku, na tangu hapo kila nafasi ya kumbukumbu ambayo kiendeshi hicho kinaiomba huwekwa kwenye ukurasa wake peke yake, ikisukumwa hadi ukingoni, na ukurasa unaofuata huachwa ukiwa haramu. Baiti moja ikivuka, prosesa yenyewe inapiga ukelele. Kosa na anguko vinatokea kwenye amri ileile. Wazo hilo halikuwa jipya. Bruce Perens alikuwa amelitumia mwaka 1987 katika Electric Fence kwa ajili ya programu za kawaida za Unix. Upya ulikuwa katika kulipeleka ndani ya kiini na kumpa kila mtu: chombo hicho kilikuja ndani ya mfumo uliouzwa madukani, si katika toleo la siri la mafundi. Gharama yake ni kumbukumbu. Ombi la baiti 40 linakula kurasa mbili nzima za anwani, kwa hiyo mashine iliyowashiwa ulinzi huo kwa viendeshi vyote hulemewa haraka.

Windows XP, mwaka 2001, iliongeza kitu ambacho hakuna maabara ingekipata: ajali za watu wote. Mashine ikianguka iliandika muhtasari wa kilobaiti 64, na mtumiaji akikubali, muhtasari huo ulitumwa Microsoft na kupangwa pamoja na unaofanana nao. Ajali moja ya uharibifu wa kumbukumbu haisemi mengi, kwa kuwa inamtaja mpita njia. Ajali elfu kumi zinazotaja wapita njia tofauti, lakini katika zote kimo kiendeshi kilekile, ni ushahidi wa aina nyingine kabisa.

Marundo hayo ya ripoti yalionyesha pia kwamba sehemu ya ajali haikuwa ya programu. Jambo lenyewe lilijulikana tangu 1978, pale Timothy May na Murray Woods wa Intel walipogundua kwamba chembe za alfa kutoka kwenye vifungashio vya kauri, vilivyokuwa na athari za urani na thori, ziligeuza biti ndani ya chipu. Dawa ilikuwapo tayari: Richard Hamming wa Bell Labs alieleza mwaka 1950 namna ya kuongeza biti za ziada ili kosa la biti moja litambuliwe na kusahihishwa. Seva zina kinga hiyo, ila kompyuta nyingi za nyumbani na ofisini hazina, kwa sababu ya bei. Dalili yake mzoefu huitambua: thamani iliyotakiwa kuwa sifuri inasomeka 00000400, yaani tofauti ya biti moja tu, na ajali inayofuata haifanani na iliyopita. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Yoongu Kim wa Carnegie Mellon walionyesha kwamba kusoma safu moja ya chipu kwa kurudiarudia kunaweza kugeuza biti za safu jirani, na mwaka uliofuata mafundi wa Google walitumia njia hiyo kuteka kiini. Hitilafu ya chipu ikawa silaha.

Katika Linux, mjadala mkali ulikuwa juu ya vyombo vyenyewe. Linus Torvalds alikataa kwa miaka kuingiza kitatuzi (debugger) ndani ya kiini, na Septemba 2000 aliandika waziwazi kwamba ugumu wa kusaka makosa huwalazimisha watu kuwa waangalifu. Hoja yake ina ukweli kuhusu makosa ya fikra. Kuhusu uharibifu wa kumbukumbu haina nguvu, kwa maana uangalifu wa mwandishi wa mfumo wa faili haumsaidii kitu pale anapoharibiwa na kiendeshi cha mtu mwingine. Kiini kilichoanguka kilitoa tu ripoti fupi ya rejista na mlolongo wa miito, na watumiaji wengi waliipiga picha skrini au kuinakili kwa mkono. Kitatuzi cha kgdb kiliingia mwaka 2008. Kabla yake, mwaka 2005, kilikuwa kimeingia kitu cha maana zaidi, yaani kdump. Kiini cha pili, kidogo na safi, hukaa kimelala kwenye sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa tangu mashine inapowashwa. Kiini cha kwanza kikianguka, hakiaminiwi kuandika chochote. Cha pili huamshwa, nacho ndicho kinachonakili mabaki ya mwenzake kwenye diski.

Kisa kinachoonyesha ubishi wa makosa haya kuliko vyote kilitokea mwaka huohuo wa 2008, wakati Linux 2.6.27 ikiandaliwa. Watu waliojaribu matoleo ya awali waligundua kwamba kadi zao za mtandao za Intel, zinazoendeshwa na kiendeshi cha e1000e, zimekufa. Kuwasha upya hakukusaidia, wala kurudi kwenye mfumo wa zamani. Kumbukumbu ya kudumu iliyo ndani ya kadi yenyewe, inayohifadhi mipangilio yake, ilikuwa imeandikwa takataka. Kosa la programu lilikuwa limeua chuma.

Shaka iliangukia kwanza kiendeshi cha e1000e, kisha msimbo wa michoro. Mafundi wa Intel waliandika viraka vya kuifunga kumbukumbu ya kadi isiandikwe, hatua ya busara iliyookoa kadi bila kumtaja mharibifu. Mharibifu alikuwa ftrace, chombo kipya cha Steven Rostedt cha kufuatilia mwenendo wa kiini, ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na mtandao. Kilifanya kazi hivi. Kila kazi ndani ya kiini ilianza na mwito mdogo wa ufuatiliaji. Ftrace iliorodhesha anwani za miito hiyo, na kila sekunde moja ilipita ikibadilisha miito mipya kuwa amri zisizofanya kitu, ili mashine isipunguze kasi. Sasa, baadhi ya msimbo wa moduli hutumika mara moja tu wakati wa kuanza, kisha kumbukumbu yake hurudishwa. Anwani zake zilibaki kwenye orodha ya ftrace. Wakati huohuo nafasi iliyoachwa wazi ilipangiwa matumizi mengine, na kwa bahati mbaya matumizi hayo yalikuwa dirisha la kufikia kumbukumbu ya kudumu ya kadi ya e1000e.

Rostedt hakuwa mzembe. Ftrace ilitumia amri ya prosesa ya kulinganisha kabla ya kubadilisha: kama mwito uliotarajiwa haupo, isibadilishe. Juu ya kumbukumbu ya kawaida tahadhari hiyo ingetosha. Lakini prosesa za x86 zikitekeleza amri hiyo huandika kila mara. Kama hakuna ulinganifu, huandika tena thamani ileile iliyosomwa. Kwa kumbukumbu ya kawaida hilo halina athari. Kwa kifaa, uandishi wowote ni agizo, na kadi ililitii. Linux 2.6.27 ilitoka Oktoba 9, na siku chache baadaye toleo la 2.6.27.1 lilitoka likiwa na kazi kuu moja, kuzima sehemu hiyo ya ftrace. Alama za 6b zisingemkamata mharibifu huyu, wala ukanda wa mpakani, kwa sababu alichokiharibu hakikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Baada ya hapo mwelekeo ulikuwa kukagua kila mguso wa kumbukumbu badala ya kukagua mabaki. Jaribio la kwanza, kmemcheck la Vegard Nossum, liliingia Linux mwaka 2009. Lilifanya kila ukurasa uonekane haupo ili kila mguso usimamishwe na kuangaliwa. Lilikuwa la polepole mno, liliweza kutumia prosesa moja tu, na likaondolewa katika toleo la 4.15. Ufumbuzi ulitoka upande wa kompaila. Mafundi wa Google walieleza AddressSanitizer mwaka 2012 kwa programu za kawaida, na Andrey Ryabinin akaleta mwenzake wa kiini, KASAN, ulioingia Linux 4.0 Aprili 2015. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu hutengwa baiti 1 ya kivuli inayosema ni ngapi kati ya hizo 8 zinaruhusiwa kuguswa. Kompaila huingiza ukaguzi wa kivuli kabla ya kila usomaji na kila uandishi. Nafasi iliyorudishwa haitolewi upya mara moja bali huwekwa karantini, ili anayeendelea kuishika anaswe. Ripoti inayotoka inataja mstari uliokosea, mlolongo wa aliyeiomba nafasi hiyo na mlolongo wa aliyeirudisha. Kazi iliyokuwa ya wiki imekuwa ya kusoma ukurasa mmoja.

Chombo hicho kinakamata kosa likitokea tu, kwa hiyo alihitajika wa kulichokoza. Dmitry Vyukov wa Google aliandika syzkaller, programu inayokiita kiini mfululizo kwa maombi ya ovyoovyo lakini yenye sura ya halali, na kuweka kumbukumbu ya njia mpya inazozifikia. Tangu 2017 huduma ya syzbot inaendesha kazi hiyo usiku na mchana na kutuma ripoti kwa wenye msimbo. Zimekuwa nyingi kuliko watu wa kuzishughulikia.

KASAN hupunguza kasi kiasi kwamba hauwekwi kwenye seva ya kazi. KFENCE, ulioingia Linux 5.12 mwaka 2021, ulikubali kukamata kidogo kwa gharama ndogo: kwa kawaida yake, takriban kila milisekunde 100 ombi moja la kumbukumbu hupelekwa kwenye bwawa la vitu 255, kila kimoja kikiwa na kurasa haramu pembeni. Mashine moja huenda isikamate kitu mwaka mzima. Mashine laki moja zinakamata. Kampuni ya Arm nayo ilipeleka ukaguzi kwenye prosesa: kila baiti 16 hupewa alama ya biti 4, kielekezi nacho hubeba alama yake, na zisipolingana prosesa inasimama. Ilitangazwa mwaka 2018, na simu ya Pixel 8 ya mwaka 2023 ilikuwa ya kwanza kumpa mtumiaji uwezo huo.

Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza faili la mipangilio kwa kiendeshi chake cha Windows. Msimbo ulisoma kiingizo cha 21 katika orodha yenye viingizo 20. Hapakuwa na uharibifu wowote wa kumbukumbu, ni usomaji tu nje ya mipaka, lakini ndani ya kiini hiyo yatosha: mashine takriban milioni 8.5 zilianguka, na nyingi zilianguka tena kila zilipowashwa. Usakaji wa kosa haukuwa mgumu, maana anwani mbovu ilionekana kwenye nakala ya kwanza ya ajali. Kazi nzito ilikuwa kuzifikia mashine moja moja kwa mkono.

Microsoft ilisema mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama inayoiziba kila mwaka hutokana na makosa ya kumbukumbu. Takwimu hiyo, kuliko hoja yoyote ya wanazuoni, ndiyo iliyofungua mlango kwa lugha ya Rust, ambayo kompaila yake hukataa msimbo unaotumia nafasi iliyorudishwa. Iliruhusiwa ndani ya Linux katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Palipo lazima kugusa kumbukumbu moja kwa moja, mwandishi huandika sehemu iliyotiwa alama kwamba kompaila haiwajibiki, na vielekezi vya orodha ni mojawapo ya sehemu hizo. Desemba 2025 kosa la kwanza la msimbo wa Rust katika Linux lilipewa namba rasmi ya usalama. Lilikuwa ndani ya kiendeshi cha Binder, nalo lilikuwa la kale: nyuzi mbili zikishindania orodha moja, vielekezi vikiharibika, kiini kikianguka. Siku hiyohiyo zilitolewa namba nyingine zaidi ya mia moja, zote za msimbo wa C.